Kwa Nini Mtoto Anaandika "kete" Akitaka "kiti"

Ndugu wazazi, wale mlionisikia muhula uliopita mniwie radhi, wimbo ni uleule. Mambo ya ada, sare na basi mnayajua kuliko mimi. Nazungumzia herufi E.

Katika shule zetu za mchepuo wa Kiingereza mtoto wa chekechea anaimbishwa majina ya herufi: ei, bii, sii, dii, ii. Anaimba vizuri, mnamrekodi kwa simu, shangazi anatumiwa. Sasa mpe daftari aandike "kiti". Anaandika "kete". Amesikia sauti i, akatafuta herufi inayoitwa "ii", akaipata: E. Hajakosea huyo, ametii alichofundishwa! Na "cat" anaisoma "siati", maana C kaambiwa ni "sii".

Akishapigwa alama nyekundu ya kosa mara tatu, anaacha kusikiliza sauti na kuanza kukariri sura ya neno zima. Penye picha ya ng'ombe anasoma "cow" kwa sauti kubwa. Ziba picha kwa kiganja uone. Darasa la tatu picha zinapungua, maandishi yanaongezeka, na mtoto aliyekuwa wa pili anakuwa wa ishirini. Hapo mnaniambia amekuwa mvivu.

Anzeni na sauti, majina ya herufi yatafuata. Kwanza irabu tano kwa Kiswahili. Kisha konsonanti chache tu, m, k, t, b, l, kila moja na irabu zake: ma me mi mo mu. Kwa hizo tano tayari ana mama, kuku, kiti, meli, moto, kitabu. Mb, nd, ny, ng', ch, sh, dh na th zije baadaye, moja moja. Anayerundikiwa ng na ng' siku moja atazichanganya mpaka darasa la tano.

Najua, kuna mzazi pale nyuma anasema moyoni: "Mimi nimelipia Kiingereza, ba be bi bo bu iko bure kayumba, shule za serikali." Mzee wangu, hiyo ndiyo ngazi ya Kiingereza chenyewe. Mtoto anayesoma "dhahabu" na "thamani" tayari anazo sauti mbili za th: "the" inakwenda na dhahabu, "think" na thamani. Mwonyeshe tu. Maneno ya kuanzia yawe yale ambayo irabu zake zinakaribia zetu: ten, bed, pen, dog, pot. "Cat" na "cut" kwa sikio letu zote ni a, "ship" na "sheep" zote ni i. Hizo zingoje, zifundishwe kwa jozi, mtoto akitazama mdomo wa mwalimu. Vitabu vingi vinafungua na "cat", na sisi tunafuata kitabu kama msafara. Na msisahau, hata kwenu Kiswahili kimo katika mtihani wa darasa la saba.

Nyumbani jaribuni hivi. Chukua ukurasa ambao hajawahi kuuona, maana wa zamani ameshaukariri. Kila neno linalomshinda, kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kimemzidi, shuka ngazi moja. Akimaliza, muulize kwa Kiswahili kilichotokea. Ndiyo, kwa Kiswahili. Ukimuuliza kwa Kiingereza hutajua kama hakuelewa au amekosa maneno ya kujibu. Akisoma yote bila kukwama na hana la kueleza, mnalipia kasuku.

Hesabu nilitaka tukae nazo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi: 48 gawanya kwa 6 anaiweza, ikiandikwa "share equally among" anaanguka. Ni kusoma kulekule. Kazi za nyumbani za kurasa nane tutazigombea siku nyingine.

Daftari za imla ziko meza ya nyuma. Kabla hamjamuuliza mwalimu mtoto amekuwa wa ngapi, fungueni mtafute neno "kiti".