Presha na Chumba cha Juu cha Moyo

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za jioni.

Presha ikitajwa, wengi huwaza figo, macho na kiharusi. Leo naomba tukae kwenye sehemu moja ya moyo ambayo haisemwi sana: chumba cha juu cha upande wa kushoto. Ukikitazama kwenye eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha picha ya moyo, unaona presha ya miaka mingi imeandikwa pale, hata ile ambayo mwenyewe hakuwahi kuijua.

Damu safi kutoka kwenye mapafu huingia chumba hicho, hupita kwenye valvu, yaani kilango cha moyo, na kushuka chumba cha chini, ambacho ndicho huisukuma mwilini kote. Presha ikiwa 160 kwa 100 mwaka baada ya mwaka, chumba cha chini hakipumziki. Msuli wake unanenepa kama mkono wa kuli wa bandarini. Lakini unene huu ni balaa, kwa sababu msuli wa moyo ukinenepa hivyo hukakamaa, na ukikakamaa haulegei vizuri kupokea damu. Hapo mzigo unarudi juu.

Na huko juu kuta ni nyembamba, milimita chache tu. Kwa kawaida damu nyingi hushuka yenyewe, kisha chumba cha juu hujikamua mwishoni na kuongeza kama asilimia 20 hadi 30. Sasa kinalazimika kukamua kwa nguvu kuliko uwezo wake, na taratibu kinatanuka. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, kile kiwimbi kidogo cha mwanzo, ambacho huwa kilima kimoja laini, kinapanuka na kuota vichwa viwili. Mwenye moyo huo anaweza kuwa shambani analima, hasikii lolote.

Kuta zikivutika muda mrefu huota makovu. Umeme wa moyo ukifika penye kovu hupoteza njia, na siku moja chumba kinaacha kujikamua, kinapapatika tu, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Damu inatuama, hasa kwenye kifuko kidogo kilicho pembeni ya chumba hicho, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka, mara nyingi safari yake huishia kwenye ubongo. Watafiti wa Framingham, kule Marekani, walionyesha mwaka 1991 kwamba mpapatiko huu huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Mtu anaamka mkono hauinuki, mdomo umepinda, na nyumbani wanasema amepatwa ghafla. Inaniuma kila ninapolisikia neno hilo, maana jambo lenyewe limejengeka miaka kumi, kumi na tano.

Niseme pia kwamba kwetu si presha peke yake. Kijana mwenye chumba cha juu kilichotanuka, tunaangalia kwanza valvu, kwa sababu homa inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri huweza kuibana.

Je, chumba kinaweza kupona? Presha ikishushwa mapema, kinaweza kupungua. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2005 ulilinganisha dawa mbili za presha, losatani na atenololi: presha ilishuka karibu sawa, lakini waliotumia losatani walipata mpapatiko mpya pungufu kwa karibu theluthi. Usibadilishe dawa yako kwa sababu ya maneno haya. Muulize daktari wako.

Na mpapatiko ukishaingia, wengi hukimbilia aspirini. Aspirini haitoshi hapa. Zipo dawa zenyewe za kuzuia damu kuganda, na mojawapo, wafarini, hudai kupimwa damu mara kwa mara.

Sasa wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, tuhesabu pamoja dakika nzima. Mwenye mapigo yanayorukaruka bila mpangilio, leo ukitoka hapa pitia kwa muuguzi aliyekaa pale mlangoni.