Muuguzi wa Watoto Wachanga na Chama Chake

(Mhadhara kwa wauguzi na wakunga wa wodi za watoto wachanga, Morogoro)

Wauguzi wenzangu, wakunga, matroni wetu mliotutangulia: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Najua wapo hapa waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja. Ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie vyama vya kitaaluma vya wauguzi wanaohudumia watoto wachanga. Nitaanza na watoto wenyewe, maana chama kisichoanzia kwa mtoto huishia kwenye fulana na kofia za Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania, 67 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta wameshuka hadi 43. Ni kazi kubwa hiyo, na wengi wenu mmeifanya kwa mikono yenu: chanjo, vyandarua, kliniki. Sasa tazameni wale wanaofariki kabla ya siku 28. Utafiti wa kwanza ulisema 25 kwa kila 1,000. Wa pili ukasema 24. Karibu pale pale! Na lengo ambalo nchi yetu imelisaini pamoja na dunia ni 12 au pungufu ifikapo 2030.

Kinachowaua tunakijua: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Kwa yote matatu, anayekuwa kando ya mtoto mambo yanapobadilika ni muuguzi. Daktari anapita raundi, anaandika, anakwenda wodi nyingine. Anayebaki ni wewe.

Chukueni mtoto njiti wa kilo moja na gramu mia moja, yuko kwenye CPAP, mashine ya kumsaidia kupumua inayosukuma hewa puani na kutoa mapovu kwenye chupa ya maji. Saa nane usiku muuguzi anakuja kumlisha maziwa aliyokamua mama. Kabla ya kuyamimina kwenye mrija, anavuta kwanza kuona yaliyobaki tumboni. Safari hii yametoka ya kijani. Tumbo limejaa kuliko lilivyokuwa saa tano, na mtoto amelegea kidogo mkononi. Maji kwenye chupa bado yanatokota vizuri, oksijeni inasoma vizuri, joto ni 36.6. Anayesoma namba peke yake atasema mtoto hajambo. Aliyekaa wodi hiyo muda mrefu anashuku utumbo umeanza kuharibika. Anasimamisha maziwa na kumwamsha daktari sasa hivi, hangoji kupambazuke.

Jicho hilo halipatikani kwa semina ya wiki moja. Linapatikana kwa kuwaona watoto wengi, ukiwa na mwenzako mzoefu pembeni anayekuambia, “Hebu mguse hapa.” Na ndilo jicho tunalolipoteza kila orodha mpya ya mgawanyo wa wodi inapobandikwa ukutani.

Hapa nataka tukae kidogo. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, wauguzi wawili walipelekwa mafunzo ya watoto wachanga, wakarudi na vyeti vyao. Mwaka haukuisha, mmoja akawa wodi ya upasuaji ya watu wazima, mwingine kliniki ya macho. Mashine zikabaki zimefunikwa shuka. Simlaumu aliyewahamisha. Alikuwa na upungufu kila wodi, anaziba hapa kwa kufungua pale. Kwenye karatasi zake muuguzi ni muuguzi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba huyu ni wa watoto wachanga.

Kuna ushahidi wa hapahapa nchini unaotuonyesha jambo hili. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kufundisha namna ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya ile dakika ya dhahabu, dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Watafiti walipofuatilia baada ya mafunzo ya siku moja, waligundua kwamba wakunga walifanya vizuri kwenye mdoli, lakini utendaji chumba cha kujifungulia haukubadilika. Ndipo wakaanzisha mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka, kutoka watoto 11 hivi hadi 7 hivi kwa kila 1,000. Ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, ni ileile na watumishi ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba ujuzi ulipewa mahali pa kukaa.

Sasa niambieni, nani mwenye kazi ya kuulinda ujuzi huo? Wengi huniambia, “Mimi nakatwa tayari kwenye mshahara, chama kingine cha nini?” Tutenganishe. Baraza la Uuguzi na Ukunga linakusajili, linakupa leseni, na linamlinda mgonjwa dhidi ya muuguzi asiyefuata maadili. Chama cha wafanyakazi kama TUGHE kinasimamia mshahara, posho, likizo, na haki zako mbele ya mwajiri. Vyote viwili tunavihitaji. Lakini swali la muuguzi mmoja ahudumie njiti wangapi kwa zamu, la mafunzo gani yatambuliwe kuwa ubingwa, la aliyesomea watoto wachanga kubaki na watoto wachanga, hilo ni swali la taaluma. Nyumba yake ni chama cha kitaaluma: TANNA kwa wauguzi, TAMA kwa wakunga.

Muuguzi mmoja akiingia ofisini akasema, “Naomba nisihamishwe,” ataonekana anachagua kazi. Chama kikiandika barua hiyohiyo, kikaambatanisha idadi ya watoto, idadi ya wauguzi waliofundishwa na mahali walipo leo, mkubwa hawezi kusema ni uvivu wa mtu. Inakuwa hoja ya huduma.

Wenzetu wameshatangulia. Marekani wauguzi wa watoto wachanga wana chama chao cha taifa, NANN, tangu 1984. Mwaka 2005 likaundwa baraza la kimataifa, COINN, linalounganisha vyama vya nchi mbalimbali. Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa wauguzi wa watoto wachanga ulifanyika Durban, Afrika Kusini. Hao tunaweza kusema wana fedha. Basi tutazame Rwanda, jirani tunayepakana naye. Chuo Kikuu cha Rwanda kilianzisha mwaka 2015 shahada ya uzamili ya uuguzi yenye mkondo wa watoto wachanga, na wauguzi wa huko wana chama chao, RANN. Shule inazalisha mabingwa, chama kinahakikisha mabingwa hao hawapotei.

Na kazi inazidi kuongezeka. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mkubwa wa kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie. Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano, pamoja na Ghana, Malawi, Nigeria na India. Vifo vilipungua kwa robo, hadi utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu, yaani huko kumweka mtoto kifuani, ianze mapema, kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Mnajua maana yake wodini: mama mwenye mshono wa upasuaji anaingia na kitanda chake kwenye chumba cha wagonjwa mahututi wachanga, na anayemhudumia yeye na mtoto wake kwa pamoja ni wewe. Vitanda vitakaa wapi? Nani anampima mama presha? Miongozo ikiandikwa bila muuguzi wa wodi hiyo mezani, maswali hayo yatakosa majibu, na lawama tutabeba sisi.

Suala la ada. Wanaouliza zinakwenda wapi wana haki kamili. Lipeni, kisha hudhurieni mkutano mkuu mkadai mahesabu yasomwe. Chama ambacho wanachama wake hawahudhurii hugeuka kuwa cha watu wanne, na hatuwezi kulalamika kwamba watu wanne wanaamua peke yao.

Ninachopendekeza kwa mkoa wetu si kusajili chama kipya kesho. Tujiunge TANNA na TAMA kwa wingi, kisha ndani yake tuombe kundi letu la watoto wachanga. Daftari liko mezani kwa katibu. Andika jina, kituo chako, mafunzo ya watoto wachanga uliyopata, na muda uliokaa wodi hiyo kabla ya kuhamishwa. Safu hiyo ya mwisho msiiache wazi, kwa sababu ndiyo tutakayoipeleka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa.

Sasa maswali. Kuna dada kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja ada. Karibu, tuanze na wewe.