Maumivu Yakiondoka, Kazi Bado: Mhadhara Juu ya Mazoezi ya Kurekebisha Viungo

Assalamu alaykum. Makocha, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka uwanjani, ahsanteni kwa kuujaza ukumbi huu hapa Chake Chake.

Mada niliyopewa ni pana. Kwa hiyo nitashika kifundo cha mguu nikichambue mpaka kieleweke, kisha nigusie goti na kiuno. Neno langu kubwa naliweka mbele kabisa: maumivu kuondoka si kupona. Maumivu huondoka mapema. Nguvu na uwezo wa kusimama imara hurudi kwa kufanyiwa kazi, na asiyeifanya kazi hiyo huumia tena palepale.

Mnaijua hali yenyewe. Kijana karuka kupiga kichwa, katua juu ya mguu wa mwenziwe, kifundo kimepinduka. Kabla ya Magharibi pamevimba. Nyumbani anakandwa kwa maji ya moto, anachuliwa, anafungwa kitambaa. Wiki ya tatu yumo uwanjani. Haupiti muda kateguka tena, mguu uleule, na safari hii kakanyaga kishimo tu. Hapo wengine husema ana jicho la watu.

Upande wa nje wa kifundo kuna ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ndani yake mna ncha za neva zinazouarifu ubongo mguu umekaa vipi, ili misuli ya pembeni mwa ugoko ikaze kabla mguu haujapinduka. Ligamenti zikichanika, taarifa hizo nazo huharibika. Mwaka 1965 daktari Freeman na wenzake kule Uingereza waliandika juu ya jambo hili, na wakaona kwamba wagonjwa waliofundishwa mazoezi ya usawa, yaani ya kusimama bila kuyumba, hawakulalamika sana kuwa mguu unawaponyoka, kuliko wale wasiofundishwa. Ni miaka mingi sasa, na bado vijana wetu wanarudishwa uwanjani kwa kuulizwa swali moja tu: "Unauma?"

Hivi karibuni nilimsimamisha kijana mmoja, mchumaji karafuu, juu ya mguu wake mzima. Akatulia kama kawaida. Nikamwambia abadilishe, asimame kwa ule uliowahi kuteguka. Vidole viling'ang'ania sakafu, kano za juu ya wayo zikawa zinachezacheza, nyonga ikakimbilia pembeni, mikono ikapanda kutafuta pa kushika. Nikamuuliza kama unauma. "Hata kidogo," akanijibu. Na mguu huo ndio anaoukanyagia tagaa la mkarafuu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tujue kama mfupa haujavunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni mwaka 1992 ambazo kila kocha anaweza kuzishika. Kama majeruhi hawezi kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, apelekwe kupigwa picha. Vilevile kama anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, wa nje au wa ndani, nyuma yake au kwenye ncha ya chini. Au mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo. Au ule wa upande wa ndani, juu ya uvungu wa wayo. Hapo hakuna kuchua wala kunyoosha.

Siku mbili tatu za mwanzo, mama zangu, maji ya moto na kuchua kwa nguvu viacheni. Mahali palipochanika bado panavuja damu kwa ndani. Barafu hutuliza maumivu, itumieni kwa kiasi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza utaratibu wa kupumzisha na kuweka barafu mwaka 1978, mwenyewe alikuja kuandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona.

Maumivu yakianza kupoa, mguu uanze kujongea: uandike herufi hewani kwa kidole gumba, asubuhi na jioni. Wiki chache za mwanzo mwili unatia nyuzi mpya mahali palipochanika, lakini unazitia ovyo, kama usumba uliorundikwa kabla haujasokotwa. Mzigo mdogo unaoongezwa taratibu ndio unaozipanga zielekee upande zinakovutwa. Kupangika huko huendelea kwa miezi.

Kisha kuna kunyanyua visigino. Shika ukuta, panda juu ya vidole kwa miguu miwili, shuka polepole. Ukiweza bila shida, panda kwa miwili ushuke kwa mmoja. Wenye maumivu ya kano ya kisigino wasimame kwenye ukingo wa ngazi ya baraza, waache kisigino kishuke chini ya ngazi. Daktari Alfredson wa Uswidi alitangaza matokeo ya zoezi hilo mwaka 1998: mara 15, mafungu matatu, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Watu wake walikuwa wanasubiri upasuaji, na walirudi kukimbia. Lifungeni na sala, baada ya Alfajiri na baada ya Isha, halitasahaulika.

Kusimama kwa mguu mmoja kufanyeni wakati wa kupiga mswaki. Kukizoeleka, mwenzio akurushie mpira. Kuruka na kutua kwa mguu mmoja kuje mwisho, na asiyeweza kutua akatulia asipangwe kwenye timu. Naomba hili makocha mlishike, hata kama Jumamosi kuna fainali.

Mtaniuliza: wakati wa zoezi mguu ukiuma? Uchungu mdogo unaovumilika si adui, mradi kesho yake asubuhi mguu usiamke umevimba au unauma zaidi ya jana. Ukiamka hivyo, punguza mzigo, usiache zoezi.

Goti. Wapo wazee wetu, na vijana pia, wanaosali kwenye kiti tangu walipoumia. Dini imewapa ruhusa, na mwenye haja nayo aitumie. Lakini wengi natamani warudi kwenye sijda, na baadhi yao wanaweza. Msuli wa mbele ya paja hunyauka upesi goti likiumia. Kunja khanga, iweke chini ya goti ukiwa umenyoosha mguu, ibinye kwa goti, hesabu mpaka tano, achia. Halafu jifunze kukaa na kuinuka bila kushika kitu: kwanza kwenye kiti, wiki nyingine kwenye kigoda, baadaye kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mwisho chini kwenye msala wa kusalia. Kila ngazi usiiache mpaka iwe nyepesi.

Kuhusu kiuno nasema machache. Akina mama wa mwani huinama maji yanapokupwa mpaka yanapojaa. Inameni kwa kukunja nyonga na magoti, na kila baada ya muda simameni mjinyooshe kwa nyuma. Nyumbani, lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyanyua makalio, yashushe taratibu. Lakini maumivu ya kiuno yakija pamoja na ganzi sehemu za siri, mkojo kutozuilika au mguu kulegea, ni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa vueni viatu, simameni wawili wawili. Mmoja asimame mguu mmoja sekunde 30, mikono kiunoni, mwenzake amtazame nyonga na vidole. Kisha mguu wa pili. Makocha, andikeni majina ya wanaoyumba upande mmoja tu. Hao ndio tutakaoanza nao kesho saa kumi jioni uwanjani, kabla ya mpira kutolewa.