Anza na Nyumba, Mwenyewe Atakuja
Mhadhara kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi, Muheza

Walimu wenzangu, habarini za asubuhi.

Kitendawili!

Ahsanteni. Nyumba yangu haina mlango.

Yai, ndiyo, hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Lakini ninayo nyumba nyingine isiyo na mlango, hii hapa mkononi. Mlioketi nyuma mnaona donge la udongo tu, kama ngumi ya mtoto. Nimelibandua jana kwenye fremu ya dirisha la darasa moja hapa hapa Muheza. Mwenye darasa amefundisha humo miaka sita, na siku zote alidhani ni tope lililorushwa na watoto.

Mimi nawaomba kitu kimoja leo. Mkitaka kuwajua wadudu na kuwafundisha watoto kuwajua, acheni kuwakimbiza. Anzeni na nyumba zao. Mdudu hupita, na kabla hujamwona sawasawa ameshapotea. Kiota kinakaa pale pale. Leo kipo, kesho kipo, na mwenyewe akitoka atarudi.

Tulifungue hili donge.

Aliyelijenga ni nyigu, yule mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi na miguu yenye manjano, anayeingia darasani watoto wakapiga mayowe. Ni jike, na hujenga peke yake. Hana malkia wala askari. Mtafuteni penye bomba linalovuja. Hutua kwenye tope, akafinyanga kidonge kwa taya zake na kuruka nacho. Akifika nyumbani hukitandaza ukutani huku anavuma. Sikilizeni mvumo huo: akiruka ni mmoja, akipaka udongo ni mwingine kabisa. Mimi siku hizi namsikia akijenga kabla sijamwona.

Nakata ukuta kwa kisu. Chumba hiki cha kwanza ni kitupu, limebaki ganda la hudhurungi, jepesi kama la kitunguu. Cha pili, angalieni, kimejaa buibui. Mmoja, wawili, watatu... kumi na mmoja. Hebu mwalimu hapo mbele, mguse huyu kwa ncha ya kijiti. Umeona mguu ulivyotikisika? Hajafa. Nyigu amemchoma sindano ya kumpooza tu, maana angemuua angeoza kabla yai halijaanguliwa. Na yai lenyewe ni hili, limelala juu ya tumbo la buibui wa chini kabisa, jeupe, limejipinda, dogo kuliko punje ya mchele. Buu akitoka atawala buibui hao mmoja baada ya mwingine bila kuonja mwanga. Akishiba atajifumia kifukofuko humo humo, na siku akiwa nyigu kamili atatafuna udongo atoke. Hivi vitundu viwili vya duara upande huu ni vya ndugu zake waliokwisha kwenda. Kumbe nyumba ina mlango, ila mlango hutobolewa na mtoto, kwa ndani.

Mama yake hayupo. Akishaziba chumba cha mwisho huondoka, na watoto wake hatawaona. Ndiyo maana hapiganii kiota. Kwa miaka yote niliyosimama karibu naye sijachomwa hata mara moja, na bado kila muhula tunawapa watoto mafagio wabomoe nyumba zake kwa jina la usafi. Mniwie radhi, lakini hili linaniuma.

Nyumba ya pili kila mtu wa mkoa huu ameiona, na wengi wetu tumeichoma moto. Mimi nimechoma nyingi. Baba alikuwa na minazi na michungwa michache, na mkwezi akija, kazi yangu ilikuwa kutangulia na mwenge wa makuti juu ya mti mrefu, niunguze viota vya majimoto, wale sisimizi wa mtini, mkwezi asije akaumwa. Nilifanya kwa bidii ya mtoto anayesifiwa. Na kila asubuhi vidaka na vitale vilikuwa vimepukutika chini ya minazi. Tulisema ni jua. Tulisema ni upepo. Wengine walisema ni kijicho cha jirani. Hakuna aliyekaa chini ya mnazi mmoja akautazama.

Sababu ilikwisha kujulikana kabla sijazaliwa. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, Michael Way, aliichunguza minazi ya Zanzibar. Kuna mdudu mwembamba wa kahawia anayefyonza utomvu wa nazi changa. Pale anapodunga hubaki kovu linalotoa gundi, na kidaka huanguka. Mdudu huyo alipopewa jina la kisayansi mwaka 1955 aliitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Minazi iliyokaliwa na majimoto wengi haikudhurika hivyo, kwa kuwa majimoto humwinda na kumfukuza. Kwa hiyo mwenge wangu ulikuwa unawaunguza walinzi wa shamba la baba.

Adui mwingine wa majimoto yuko chini, kwenye shina la mnazi: sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Hao wakitawala chini, majimoto huhama juu. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, walikuja kuonyesha kwamba majani yakiachwa chini ya minazi, badala ya kupaliliwa hadi udongo mtupu, majimoto hupata nafuu. Mwenye shamba anayejua kuutazama mnazi wake chini na juu anaweza kuyasoma haya yote kabla ya kukimbilia dukani kununua dawa.

Na kiota chenyewe! Majimoto hujipanga kwenye ukingo wa jani, wakalivuta jani la jirani kwa taya huku miguu imeng'ang'ania la kwanza. Nafasi ikiwa pana, mmoja humshika mwenzake kiunoni, na huyo mwingine, mpaka mnyororo ufike ng'ambo. Majani yakishakutana huja kundi lingine, kila mmoja amebeba buu mdomoni. Majimoto mkubwa hana uzi, uzi anao mtoto. Basi humgusisha buu jani hili, humpeleka jani lile, humrudisha, kama fundi na sindano, na uzi mweupe unatoka. Ule utando kama karatasi tunaouona kati ya majani umeshonwa kwa watoto. Kundi moja huwa na viota vingi, pengine miti kadhaa, na malkia yuko katika kimoja tu. Kiota kikiwa cha kahawia na kukauka, mara nyingi kimehamwa. Kikiwa kibichi, msikiguse. Jina wamelipata kwa haki: huuma, kisha hupulizia asidi kwenye jeraha.

Ziko nyumba nyingine nitazitaja kwa haraka. Mchanga mkavu chini ya upenu una vishimo kama vijifaneli. Watoto wa kila kijiji wana jina la mdudu wake na wimbo wa kumwita. Yumo chini, taya wazi, anasubiri sisimizi ateleze, na akikua anakuwa na mabawa marefu hata watu humdhania kereng'ende. Kwenye boriti mtaona tundu la duara lenye kutosha kidole, na unga wa mbao sakafuni. Huyo ni nyuki mkubwa mweusi, na mwenye mipasheni asimzibe, maana maua ya pasheni huchavushwa vizuri zaidi na nyuki wa umbo lake. Nyuki wa kawaida ni mdogo, hawezi kazi hiyo vizuri kama yeye. Kwenye ufa wa ukuta kuna kijibomba cha nta, chembamba, na vichwa vidogo vikichungulia: nyuki wadogo wasiouma. Kwenye kijiti, povu lililokauka kama sponji: mayai ya kivunjajungu.

Zile nyumba za karatasi zinazoning'inia kwenye upenu, zenye vyumba wazi kama sega, ni za manyigu wanaoishi pamoja, na hao hulinda. Mtoto asimame mbali na asirushe jiwe. Nyuki na siafu, vivyo hivyo.

Darasani mfanyeje? Sipendi zoezi la kukusanya wadudu kwenye chupa ya spiriti. Mtoto hujifunza kukamata, na mdudu mfu hafanyi kitu cha kutazama. Mpeni kila mtoto kipande cha ukuta, au mti mmoja, awe nacho muhula mzima. Dakika kumi kila asubuhi, na daftari. Asianze kwa kuuliza jina. Achore. Kiota kimetengenezwa kwa nini, udongo, majani, uzi, karatasi? Kina tundu? Tundu linatazama wapi mvua ikinyesha? Nani ameingia, na amebeba nini? Tarehe iandikwe. Wiki ya kwanza atasema hakuna kitu. Msimpe jibu. Msichana mmoja niliyemfundisha aliandika siku nane mfululizo, "ukuta, hakuna". Siku ya tisa aliandika, "nyigu ameleta buibui wa kijani, akatoka, akarudi na tope". Nililitunza daftari lake.

Jina litakuja baadaye, na likija kwa Kiswahili au kwa Kibondei cha bibi yake, liandikwe hilo hilo.

Nimesema ya kutosha nikiwa ndani. Kwenye mwembe ulio nyuma ya ukumbi huu, tawi la kwanza upande wa barabara, nimeona asubuhi hii majani manne yamekunjwa na bado yana rangi ya kijani. Nadhani kazi haijaisha. Twendeni polepole, tusisimame chini ya tawi lenyewe wala kulitikisa, na mwenye miwani ya kusomea aje nayo.