Parthenos, Neno Moja Tulilolitafsiri Mara Mbili

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, wale waliokwisha kunisikia wanajua nitaanzia wapi, nao nawaomba radhi. Fungueni Injili ya Mathayo katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea. Sura ya 1 inasema bikira atachukua mimba; sura ya 25 inasema wanawali kumi walitwaa taa zao. Kwa Kigiriki neno ni lilelile pote pawili: parthenos. Watafsiri hawakukosea. Walisikia kwamba pale pa kwanza panasemwa habari za mwili usioguswa, na pale pa pili wanatajwa wasichana waliofikia umri wa kuolewa ambao bado wako kwao. Wenye shida ni sisi tuliokuja nyuma yao, tunaosoma habari za Athena na Artemis, miungu wa kike wa Wagiriki wa kale walioitwa parthenos, na kuandika "bikira" kila tunapolikuta neno hilo, kisha tukashangaa ilikuwaje Wagiriki wakamwomba bikira awazalishe wake zao, kana kwamba wao ndio waliochanganyikiwa.

Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, katika kitabu cha 16 cha utenzi wake Iliad, anamtaja shujaa Eudoros aliyezaliwa na Polymele kwa mungu Hermes, na anamwita parthenios, yaani mtoto wa parthenos. Polymele alizaa akiwa kwao, mtoto akabaki kulelewa na babu yake, na mama akaja kuolewa na mwanamume mwingine. Hakuna aliyeona neno hilo linajipinga, kwa sababu lilieleza mahali alipo msichana: hajaingia nyumbani kwa mume. Kuhusu mwili wenyewe, Soranus, tabibu wa Efeso aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2 BK, alikana waziwazi kwamba kuna utando unaoziba njia ya uzazi ya msichana. Na Hera je? Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki, anaeleza kwamba watu wa Argos walisema kuna chemchemi iitwayo Kanathos, karibu na Nauplia, ambamo Hera huoga kila mwaka na kuwa parthenos upya. Huyu ni mungu wa kike, mke wa Zeus mkuu wa miungu, na mama yake Ares! Kama ni kitu kinachopotea mara moja na kwisha, alikuwa akifuata nini kule kila mwaka?

Sasa nafika kwa Vesta, mungu wa kike wa moto wa Warumi, na hapa nitakaa, hata mwenyekiti akiitazama saa yake kama anavyoitazama. Binti aliyetakiwa kuulinda moto wa Roma alichukuliwa akiwa na umri wa miaka 6 hadi 10, wazazi wote wawili wakiwa hai, asiwe na kasoro ya ulimi, ya masikio wala kilema cha mwili. Kuhani mkuu alimshika mkono, akamwita Amata, akatamka kwamba anamtwaa, naye akaondolewa kwa baba yake, asema mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius, mithili ya mateka wa vita. Tangu dakika ile alitoka katika mamlaka ya baba bila kuingia katika mamlaka ya mume yeyote. Aliruhusiwa kuandika wosia baba yake akiwa hai, jambo ambalo kaka zake waliokuwa chini ya baba huyohuyo hawakuruhusiwa. Nywele zake zilisukwa misuko sita, ileile aliyosukwa bibi harusi siku ya harusi yake, ila huyu alisukwa hivyo mwaka nenda mwaka rudi, bibi harusi asiyepelekwa kokote. Alitumikia miaka 30: 10 ya kujifunza, 10 ya kutenda, 10 ya kuwafundisha wengine. Baada ya hapo alikuwa huru kuondoka na kuolewa, ingawa mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasema waliofanya hivyo ni wachache na hawakupata furaha. Ubikira wenye muda wa kustaafu, tuuiteje? Na mungu aliyetumikiwa na mabinti hao, Warumi walimwita Mama.

Najua kuna mtu amekwisha kuinua mkono. Kila nitoapo mhadhara huu husimama mmoja akasema: mbona binti wa Vesta aliyelala na mwanamume alizikwa akiwa hai? Ni kweli, na sikusema kwamba mwili haukuhesabika. Karibu na lango la Collina kilichimbwa chumba kidogo chini ya ardhi, kikawekwa kitanda, taa iliyowashwa, mkate, maji, maziwa na mafuta, ili isisemwe kwamba mtu aliyewekwa wakfu ameuawa kwa njaa. Kisha ngazi ikavutwa juu na udongo ukarudishwa. Lakini tazameni mashtaka hayo yalikuja lini. Mwaka 216 KK, baada ya Hannibal, jemadari wa Karthago, kuliangamiza jeshi la Roma huko Cannae, Opimia na Floronia, mabinti wawili wa Vesta, walishtakiwa. Mmoja akazikwa, mwenzake akajiua, na Lucius Cantilius aliyehusishwa na Floronia akapigwa viboko na kuhani mkuu mpaka akafa. Mwanahistoria wa Roma Livy anasimulia kwamba tukio hilo lilihesabiwa kuwa ishara mbaya kwa dola. Mke wa mtu akizini Roma, lilikuwa jambo la mume na ukoo wake. Binti wa Vesta hakuwa na mume wala baba wa kumdai. Mwenye kumdai ulikuwa mji mzima, nao mji uliopigwa vitani ulimtafuta yeye kwanza.

Artemis nilimpangia nusu saa, na sasa amebakiwa na dakika mbili. Huko Brauron, patakatifu pake karibu na Athens, mabinti wa mji huo walicheza wakijifanya dubu mbele yake kabla ya kuolewa. Mwenye uchungu wa kuzaa alimwita yeye. Na nguo za waliokufa wakijifungua ziliachwa kwa Iphigeneia, kuhani wake wa kike katika masimulizi, katika patakatifu pale pale. Delphi nayo, penye hekalu la utabiri la mungu Apollo, naipitia mbio. Mwanahistoria wa Kigiriki Diodorus anasimulia kwamba mtabiri wa Apollo zamani alikuwa msichana, mpaka Echecrates wa Thessalia alipomteka mmoja na kumnajisi. Watu wa Delphi wakapitisha sheria: tangu siku hiyo atatabiri mwanamke aliyepita miaka 50, naye avikwe nguo za mwanamwali.