Kinaya Hakingoji Ukurasa wa Mwisho

Walimu wenzangu, asanteni kwa kuja. Nitazungumzia hadithi moja tu, tena fupi: "The Gift of the Magi", yaani Zawadi ya Mamajusi, ya mwandishi Mmarekani O. Henry, iliyotoka gazetini New York mwezi Desemba 1905. Krismasi ikikaribia tunaitoa kabatini, tunawasomea wanafunzi wa miaka 12 au 13, kisha tunajaza ubao: msuko, wahusika, mandhari, dhamira. Hadithi inafia hapo. Nimefundisha hivyo miaka mingi, na bado inaniuma.

Siku hizi naanza na hesabu. Naandika ubaoni 1.87, basi. Ndizo dola alizo nazo Della, mke kijana anayetaka kumnunulia mumewe Jim zawadi, na Krismasi ni kesho. Senti 60 kati ya hizo ni sarafu za senti mojamoja, alizozidunduliza kwa kuvutana bei na muuza mboga na muuza nyama mpaka mashavu yakamwaka kwa aibu. Anauza nywele zake kwa dola 20. Ananunua mnyororo wa saa wa platinamu kwa dola 21. Amebakiwa na ngapi?

Mwanafunzi mmoja alikokotoa, akanyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, senti 87 zake bado anazo. Kilichotoka ni dola moja na nywele." Mwenzake akarudi nyuma kurasa mbili, akakuta kwamba mshahara wa Jim kwa wiki ni dola 20. Kwa hiyo nywele zile ni wiki nzima ya jasho la Jim. Huo ni uchambuzi wa mhusika, na hakuna aliyekuwa ametaja sifa za mhusika.

Kwenye mandhari sikawii. Sentensi moja yatosha: Della anatazama nje dirishani, anaona paka wa kijivu akitembea juu ya ua wa kijivu katika uwanja wa kijivu. Isomeni kwa sauti, mara mbili. Sikio likishanasa "kijivu" ya tatu, ndipo muwaambie kwamba hiyo inaitwa takriri.

Muda wangu mwingi naupeleka kwa msimulizi. Tumezoea kufundisha kinaya, yaani mambo kugeuka kinyume cha yalivyotarajiwa, kama tukio la mwisho: Della ameuza nywele amnunulie Jim mnyororo wa saa, kumbe Jim ameuza saa amnunulie Della vitana vya ng'amba, gamba la kasa, vya kupambia nywele zile zile. Ni kweli, lakini kinaya hicho kimeanza kusukwa tangu aya ya kwanza, na msusi ni msimulizi asiyebanduka kwa Della. Nafsi ni ya tatu, lakini tunashinda na mke tu. Jim alipita wapi siku ile? Saa ya baba yake, iliyokuwa ya babu yake kabla, aliitoaje mfukoni? Hatuonyeshwi. Tungemfuata dakika tano tu, siri ingevuja.

Basi nawapa kazi: andikeni ukurasa mmoja mkiwa na Jim. Ana miaka 22, hana glavu, anahitaji koti jipya, na amesimama mbele ya dirisha la duka katika mtaa wa Broadway, New York. Wakisomeana, wanagundua wenyewe kwamba kinaya hakikupotea, kimehama. Sasa msomaji anajua saa haipo, na anayemshtua ni Della, mlango unapofunguka na kichwa kile kimekatwa nywele.

Kichwa cha hadithi nakiacha mpaka mwisho, maana si kila mtoto anawajua mamajusi, wale wenye hekima waliompelekea mtoto Yesu zawadi. Tunafungua Mathayo sura ya 2, tunakuta dhahabu, uvumba na manemane. Kisha tunarudi kwenye aya ya mwisho, ambapo msimulizi anawaita wawili hawa watoto wajinga, na papo hapo anasema kwamba wao ndio wenye hekima kuliko watoaji wote. Nawauliza: mnamwamini? Hapo darasa linagawanyika. Wapo wanaosema nywele zitaota, vitana vitatumika, ila saa ndiyo imekwenda. Wengine wanakataa: Della alitoa sehemu ya mwili wake. Siwaamulii. Nawataka kila mmoja aweke kidole kwenye mstari unaomsaidia.

Na kila mwaka yupo anayeuliza jambo ambalo halimo kwenye maandalio yangu ya somo: kwa nini Jim, baada ya yote hayo, anatabasamu na kumwambia mkewe aweke nyama jikoni? Kengele hulia tukiwa hapo, nao hutoka wakibishana mpaka koridoni.