Antena Mbili Katika Bodi Moja

ACHIENG: Karibuni tena katika kipindi chetu kutoka Kisumu. Leo tunazungumzia antena bapa, yaani vipande vya shaba vinavyochapwa juu ya bodi ya saketi, na tabu inayozuka viwili vinapokaribiana mno. Ndugu Wafula, umbali gani unatosha?

WAFULA: Asante, dada Achieng. Wahandisi hupenda kuacha nusu ya urefu wa wimbi kati ya vitovu vya antena. Katika masafa, yaani kasi ya mitetemo ya wimbi, ya gigahezi 2.4, wimbi hewani lina milimita 125 hivi, kwa hiyo nusu yake ni kama milimita 62, nafasi ambayo ruta ndogo zinazouzwa hapa Kondele hazina. Zikisogezwa karibu, sehemu ya nishati ya antena moja humezwa na jirani yake badala ya kwenda hewani, na ishara zilizokusudiwa kubeba data tofauti huanza kufanana.

ACHIENG: Nishati hiyo hupitia wapi?

WAFULA: Ningependa kila mwanafunzi ajiulize hilo kabla ya kugusa mchoro wake. Hupita hewani moja kwa moja. Hupita ndani ya kihami, yaani tabaka lisilopitisha umeme lililo chini ya antena, kama mawimbi ya uso, yale yanayotambaa kando ya bodi, ambayo huzidi nguvu kihami kikiwa kinene. Tena hupita katika graundi, ile shaba ya chini ambayo antena zote mbili huitumia. Ukiziba njia isiyopitwa na kitu, umeharibu bodi bure.

ACHIENG: Hata hivyo wengi hukimbilia kukata mifereji katika graundi.

WAFULA: Ni kwa sababu haiongezi gharama, na mfereji wenye urefu uliokokotolewa vizuri huzuia kweli mkondo katika ukanda fulani wa masafa. Lakini mfereji huohuo unaweza kuvujisha mnururisho, yaani mawimbi yanayorushwa na antena, kuelekea nyuma, jambo baya iwapo nyuma kuna betri. Miundo ya shaba yenye umbo la uyoga, iliyoelezwa na Dan Sievenpiper na wenzake mwaka 1999, huzuia mawimbi ya uso bila kupasua graundi, ila huhitaji safu kadhaa za uyoga huo kati ya antena, na nafasi ndiyo tunayoikosa.

ACHIENG: Kwa maoni yangu, kugeuza antena moja kwa nyuzi 90 hupuuzwa kupita kiasi.

WAFULA: Nakubaliana nawe kabisa, ningeanzia hapo.

ACHIENG: Na mafanikio tuyapimeje?

WAFULA: Tunapima nishati inayovuka kutoka antena moja hadi nyingine, kwa desibeli. Kushuka kutoka desibeli −15 hadi −25 ni kutoka asilimia 3 hivi ya nishati hadi 0.3, hatua kubwa. Hata hivyo nasisitiza ufanisi wa mnururisho, yaani sehemu ya nishati inayokwenda hewani kweli, upimwe pia, kwa kuwa kitu chenye upotevu kikiwekwa kati ya antena hushusha namba hiyohiyo kwa kugeuza nishati kuwa joto, na jedwali likapendeza ilhali kifaa hakifiki mbali kama zamani.

ACHIENG: Kipimo kifanyike bodi ikiwa wazi?

WAFULA: Kifanyike pia bodi ikiwa ndani ya kasha lake, kwa sababu plastiki iliyo karibu hushusha masafa ya mwitiko, yale ambayo antena au muundo huitikia zaidi, na muundo uliopangwa kuzuia gigahezi 2.4 unaweza kuzuia masafa mengine kabisa.